Bastola Iliyozikwa Rivonia

Rivonia, kaskazini mwa Johannesburg, leo ni mtaa wa nyumba za kifahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 palikuwa mashamba na miti. Katika shamba la Liliesleaf, Nelson Mandela alijificha kwa jina la David Motsamayi, akijifanya mtumishi. Humo alijizoeza shabaha kwa bunduki ya upepo.

Mwaka 1962 alipata mafunzo ya kijeshi nchini Ethiopia. Akiagana na mwalimu wake, Kanali Tadesse Birru, alizawadiwa bastola na risasi 200. Aliporejea aliizika silaha hiyo Liliesleaf, kabla ya kukamatwa tarehe 5 Agosti.

Polisi walilivamia shamba tarehe 11 Julai 1963, wakakuta nyaraka zilizotumiwa kumhukumu yeye na wenzake kifungo cha maisha mwaka 1964. Bastola hawakuiona. Nyumba ya shamba ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2008, lakini waliokuja kuitafuta bastola nao waliambulia patupu, kwani sehemu kubwa ya shamba ilikwisha kugawanywa viwanja na kujengwa.

Huenda basi kumbukumbu hiyo ya vita imo chini ya sebule ya mtu alalaye kwa amani.