UMAHIRI WA MAABARA KATIKA KUPIMA VIUATILIFU KWENYE MAJI YA KUNYWA

(Maelezo kwa watumishi wa Serikali na wananchi wa Kigombe)




Maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu, yasiyo na harufu wala ladha, na bado yakawa na viuatilifu. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu kama DDT. Kwa hiyo sote hutegemea jibu la maabara. Je, maabara yenyewe imepimwa?

Sumu za aina hii hudumu. Mwaka 1986 shehena ya viuatilifu, baadhi vikiwa vimepitwa na wakati, iliwekwa katika Shamba la Vikuge, Mkoa wa Pwani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulionesha kwamba hata baada ya mabaki kuondolewa, uchafuzi wa mahali hapo ulikuwa ungali mkubwa.

Kiwango cha juu cha DDT katika maji ya kunywa kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 1 kwa lita, yaani gramu moja katika lita milioni moja. Mpimaji akikosea kwa kupunguza, watoto watakunywa sumu. Akikosea kwa kuzidisha, kisima chema kitafungwa na kina mama watafuata maji mbali.

Umahiri hupimwa hivi: sampuli za aina moja hugawiwa maabara nyingi bila kuambiwa jibu. Tofauti ya kila jibu na kiasi sahihi hugeuzwa kuwa alama. Isiyozidi 2, juu au chini, inaridhisha. Kati ya 2 na 3 ina mashaka. Kuanzia 3 hairidhishi.

Hivyo basi, wanaopeleka sampuli wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

(a) Sampuli ichukuliwe kwa chupa ya kioo cha kahawia, si ya plastiki, ihifadhiwe kwenye baridi na ifikishwe mapema.

(b) Maabara iulizwe kama ina ithibati ya ISO/IEC 17025 kwa kipimo hicho hasa, na ioneshe alama zake za karibuni.

(c) Jibu la "Haikuonekana" lisipokelewe peke yake. Maabara isiyoweza kuona chini ya mikrogramu 5 haijasema lolote kuhusu kiwango cha 1.

Aidha, wananchi waelezwe majibu ya visima vyao kwa lugha wanayoifahamu. Mizani ya dukani hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Maabara ya maji nayo haistahili kuaminiwa bila kukaguliwa.