Mkono Uliopooza Unamngoja Nani?

Hotuba za Siku ya Kiharusi Duniani mmezisikia, hatuzirejei. Pimeni presha, punguzeni chumvi: yote ni kweli. Wasiwasi wetu sisi uko baada ya hapo, mtu anapotoka hospitali yu hai, anaingia kwake, na mkono wake mmoja haumtii.

Nchi za nje wameingiza michezo ya kompyuta katika mazoezi. Mgonjwa huvishwa miwani inayoziba macho, akaona mipira inamjia, akanyoosha mkono kuidaka. Akikosa anajiona papo hapo, anajirekebisha, anarudia. Kule kurudia ndiko kunakoufunza ubongo kuuendesha mkono upya. Basi watu wanauliza, na hospitali yetu ya Mnazi Mmoja lini?

Miwani ije, hatuikatai. Lakini mwaka 2016 mtafiti Gustavo Saposnik wa Toronto na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 141 wa kiharusi katika nchi 4. Kundi moja lilichezeshwa michezo ya kompyuta ya Nintendo Wii, jengine karata na michezo ya kawaida, saa nzima kila mara, mara 10 ndani ya wiki 2. Nafuu ya mikono ilikuwa sawasawa. Wataalamu wa Cochrane, mtandao unaopima tafiti za tiba, walipokusanya tafiti 190 mwaka 2025 waliona michezo ya kompyuta ina faida, ila ndogo.

Karata, ndugu wasikilizaji! Barza gani ya Mji Mkongwe haina karata? Na bao tunalo: kete 64, unaziokota kwa ncha za vidole, unazitia shimo kwa shimo, mojamoja, bila kumwaga. Mzee aliyekuwa bingwa wa bao kabla ya kuugua, kwa nini leo afungiwe chumbani?

Tunachokikosa ni mtu. Tumeshasema, na leo tunasema tena: mtaalamu wa mazoezi ya viungo, karibu na nyumba ya mgonjwa. Kuanzia Oktoba 2018 hadi Septemba 2019 watafiti waliandikisha wagonjwa wa kiharusi zaidi ya 800 katika hospitali za Unguja. Mwaka mmoja tu huo. Sasa mgonjwa wa Nungwi apande gari hadi mjini, na wa kumshika, nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, kwa mazoezi ya muda mfupi. Atakuja mara ngapi? Akikata tamaa, bega linaanza kuuma, vidole vinajikunja, na mkono mzima unachukua kazi zote, hata kushika kikombe cha kahawa. Nasi nyumbani, kwa huruma, tunamlisha, tunamfunga vifungo vya shati, hatumwachi ajaribu.

Mwacheni ajaribu! Kikombe kikimwagika, futeni, mpeni tena. Mtoeni nje, mkalisheni barzani, mpeni kete. Vijana wa barza, mpisheni mzee, msimfanyie haraka. Na Wizara ya Afya, kabla ya miwani leteni mtu, na miwani ikija aende nayo huyo mtu mashamba, isifungiwe mjini. Nanyi waheshimiwa wawakilishi, bajeti ya afya ikifika kwenye Baraza lenu Chukwani, ulizeni kituo kwa kituo: Kivunge yupo nani wa mazoezi? Makunduchi yupo nani? Jambiani nani? Msikae mpaka mjibiwe.