Anza pale mwenzako alipoishia

Maneno yaliyosemwa mbele ya wavuvi, akina mama na vijana wa Wagenia, Kisangani



Leo nimeombwa kueleza zoezi moja tunalofanya na vijana: kutunga mashairi kwa mada tuliyopewa na kwa kanuni ngumu. Wengine wameniuliza, shairi litasaidia nini mahali ambapo watu wamezika watu wao? Ni swali la haki. Nitajaribu kulijibu.

Mji huu unajua vita. Tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani kwa siku sita. Mamia ya raia waliuawa, na makombora yaliangukia nyumba za watu wasiohusika. Halafu mwaka 2023 ukazuka ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola, ng'ambo ya mto huko Lubunga. Vijiji vilichomwa, na maelfu wakakimbilia mjini. Safari hii waliopigana walikuwa majirani.

Majirani hao wakikutana, kila mmoja ana hotuba yake tayari kichwani. Mmoja anaposema, mwingine hasikilizi. Anangoja zamu yake. Nimekaa katika mikutano mingi ya namna hiyo. Watu huondoka kama walivyokuja.

Kwa sababu hiyo tulianza zoezi la pindu, ambalo wengine huliita mkufu. Ni bahari ya zamani katika ushairi wa Kiswahili. Kanuni yake ni hii: kipande cha mwisho cha ubeti mmoja ndicho kinachoanzisha ubeti unaofuata. Kwa kawaida mshairi mmoja hutunga peke yake. Sisi tunawapa watu wawili, zamu kwa zamu. Kila mstari una mizani 16, yaani silabi 8 na 8. Nitawapa mfano niliotunga mwenyewe. Wa kwanza anasema:

Shamba hili la babangu, nililima nikavuna,
Leo hii sina changu, moshi tu ndio naona.

Wa pili hawezi kuanza na malalamiko yake. Lazima achukue maneno ya mwenzake:

Moshi tu ndio naona, na mimi nyumbani kwangu,
Tulikimbia kupona, msituni na wanangu.

Angalieni vizuri. Huyu wa pili hakukubali kwamba shamba ni la yule. Hakusamehe, wala hakuombwa kusamehe. Lakini ili aweze kusema neno lake, ilimbidi kwanza asikilize hadi mwisho, na aweke maneno ya mwenzake kinywani mwake.

Kule Tanzania, Mathias Mnyampala aliendeleza ngonjera, mashairi ya kujibizana ambayo mara nyingi huishia kwa wote kukubaliana. Ni njia nzuri ya kufundisha. Lakini kwa watu wenye majeraha mabichi, makubaliano ya jukwaani yanaweza kuwa ya mdomo tu. Pindu haidai hivyo. Inadai usikivu peke yake.

Sasa kuhusu mada. Mwanzoni nilikosea. Niliwapa vijana mada ya "amani", na wote wakaandika mahubiri yanayofanana. Hakuna aliyesema lililomuuma. Mara ya pili nikatoa "moshi". Kijana mmoja alikaa kimya muda mrefu, kisha akaandika juu ya jiko la mama yake, na kutoka hapo akafika usiku ule nyumba ilipoungua. Tangu siku hiyo natoa vitu vya kawaida: mlango, kasia, chumvi, kikapu. Mtu huingia kwa mlango mdogo anaouweza mwenyewe.

Kuna wanaosema mizani ni mambo ya watu wa pwani. Ni kweli Kiswahili kilifika hapa pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, na mwaka 1887 Tippu Tip aliwekwa kuwa gavana wa Stanley Falls. Historia hiyo inauma. Lakini leo lugha hii ni yetu, nasi tunahesabu silabi kwa Kiswahili chetu cha Kisangani. Wala kanuni si ngeni kwetu. Ndugu zetu Walokele, wanaopiga lokole, hawapigi neno moja fupi, kwa sababu maneno mengi yana sauti zinazofanana kwenye ngoma. Hupiga fungu refu la maneno lililokwisha kuzoeleka, ili wa mbali asikosee. Kanuni ipo ili mtu aeleweke.

Nanyi wavuvi mnajua zaidi yangu. Katika maporomoko haya, la mwisho kati ya saba ya Boyoma, hakuna anayeingia majini mikono mitupu. Mnasimika miti mirefu kwenye mawe, mnaifunga kwa kamba za msituni, ndipo mnashusha vikapu vikubwa. Maji yana nguvu kuliko mtu, ila miti ikifungwa vizuri, mtu husimama juu yake na kufanya kazi. Huzuni na hasira nazo ni maji ya namna hiyo.

Ombi langu ni dogo. Wiki hii, kaa na mtu mmoja mliyegombana. Chagueni kitu kimoja cha kawaida. Kama mizani inawashinda, iacheni. Lakini msiiache ile kanuni moja: kila mmoja aanze pale mwenzake alipoishia.