Mzigo wa Mwana Aendaye Kusoma Ng'ambo

Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita Kigwa, ikitoka Tabora kwenda Bagamoyo. Mpagazi wa Kinyamwezi hakungojea alfajiri ya safari ndipo afunge mzigo. Aliufunga mapema, akaujaribu begani. Nasi tufanye vivyo hivyo kwa mwanafunzi wa sekondari aendaye kusoma ng'ambo mwaka mmoja.

Wazazi huhangaikia nguo na sanduku; lakini nguo hata huko zanunuliwa. Yafaa kwanza ajue kufua, kupika, na kusema pasipo haya, "Sikufahamu, tafadhali nieleze tena." Tena wenyeji watamwuliza habari za kwao, asipozijua, atawajibu nini?

Julius Nyerere hakwenda mikono mitupu. Alisoma Tabora, kisha Makerere, akarudi Tabora kufundisha, ndipo mwaka 1949 akaenda Edinburgh. Alipata shahada mwaka 1952, akarejea nchini, akafundisha Pugu.

Basi, enyi wazazi, ketini na mwana jioni, mkamsimulie habari za kwenu. Mzigo huo haulemei bega, wala forodhani hautozwi ushuru. Nao ndio utakaomkumbusha njia ya kurudi. Kwaherini.