Kisu cha Siku Moja, Uangalizi wa Maisha
Mazungumzo baada ya habari: Nchi jirani

Uchunguzi wa afya uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene wa kupindukia. Kwa wanawake idadi hiyo ilikuwa 38.5 katika kila 100, na kwa wanaume 17.5. Zamani takwimu za namna hii zilihesabiwa kuwa habari za Ulaya na Marekani. Leo ni habari za jirani, na wahenga walisema: mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Pamoja na ongezeko hilo limekuja jambo jingine, nalo ni upasuaji wa kupunguza uzito. Upasuaji huo unafanywa Nairobi, katika hospitali kubwa za binafsi. Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, imekuwa ikitoa huduma ya kuweka puto ndani ya mfuko wa chakula kwa muda, njia ambayo haihitaji kumpasua mtu. Wako pia wanaovuka mpaka, na wanaovuka bahari hadi India, kutafuta tiba hiyo.

Askari anayo sababu yake ya kulifikiria jambo hili. Kijana aliyeingia chuo cha mafunzo akiwa mwepesi kama swala huweza, baada ya miaka kumi na mitano, kujikuta yuko mezani au kwenye kizuizi cha barabarani. Hulala mchana baada ya lindo la usiku, hula saa zisizo na mpango, na sahani ya ugali imebaki ile ile ya siku za ukuruta. Kwenye gwaride wenzake humcheka. Kicheko hicho humfanya afiche shinikizo lake la damu, na aanze kutafuta tiba kwa siri.

Dharau hiyo haina msingi. Sayansi imekwisha kuonyesha kwamba unene wa kupindukia si uvivu mtupu. Mwili ulionenepa huulinda uzito wake kama kikosi kinavyoilinda ngome. Mtu apunguzapo chakula, mwili hubana matumizi yake ya nguvu na kuongeza homoni za njaa. Ndiyo maana wengi hupungua kwa miezi michache, kisha hurudi pale pale walipokuwa, au hupita.

Upasuaji unaofanywa zaidi duniani ni wa aina mbili. Katika aina ya kwanza, daktari bingwa huondoa robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, ikabaki sehemu nyembamba mfano wa mkono wa shati. Sehemu inayoondolewa ndiyo itoayo kwa wingi homoni ya ghrelini, ichocheayo njaa. Katika aina ya pili hutengenezwa kifuko kidogo cha mililita 30 hivi, kikaunganishwa na utumbo mwembamba, ili chakula kiupite kando mfuko uliobaki pamoja na mwanzo wa utumbo. Njia hii ya pili ilianzishwa Marekani katika miaka ya 1960 na Dkt. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa.

Si kila mnene anayestahili kisu. Madaktari huanza na hesabu: kilo za mtu hugawanywa kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa mita 1.70 mwenye kilo 116 hupata 40. Mwenye kilo 101 hupata 35. Mwaka 1991 jopo la wataalamu wa Marekani liliweka kiwango cha 40, au 35 kwa mwenye maradhi yatokanayo na unene. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa fani hii vilishusha kiwango hadi 35 hata bila maradhi, na kuruhusu upasuaji ufikiriwe kuanzia 30 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari. Hata hivyo, askari mwenye misuli mikubwa aweza kupata tarakimu kubwa bila kuwa na mafuta mengi. Kwa hiyo hesabu peke yake haitoshi. Hupimwa pia kiuno, damu, moyo na pumzi ya usingizini.

Faida ya upasuaji huu haibishaniwi. Wengi hupoteza robo hadi theluthi ya uzito wao katika mwaka wa kwanza na wa pili, na wengi wenye kisukari hupunguza dawa au huziacha kwa ruhusa ya daktari. Utafiti uliofanywa Sweden, uliotangaza matokeo yake mwaka 2007, uliwafuatia watu 4,047 kwa wastani wa karibu miaka 11. Kati ya 2,010 waliopasuliwa walikufa 101. Kati ya 2,037 wasiopasuliwa walikufa 129.

Lakini hatari zipo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2009 ulikuta kwamba watu 3 katika kila 1,000 walifariki katika siku 30 za kwanza. Mshono waweza kuvuja, damu yaweza kuganda miguuni na kukimbilia mapafuni, na vijiwe vya nyongo hutokea. Kisha huja sharti zito kuliko yote: vidonge vya madini na vitamini, na vipimo vya damu, maisha yote. Mwenye kuviacha hujitia katika upungufu wa damu, mifupa dhaifu, na hata maradhi ya mishipa ya fahamu. Pombe nayo, hasa baada ya upasuaji wa aina ya pili, hupanda kichwani upesi na kwa nguvu zaidi.

Kwa mtu wa majeshi masharti hayo yana uzito wa pekee. Aliyepasuliwa hula kidogo kidogo, hutafuna sana, na hunywa maji mbali na chakula. Porini, ambako chakula hugawiwa mara moja na kuliwa upesi, utaratibu huo ni mgumu. Kanuni za afya za kuandikisha askari nchini Marekani zinautaja upasuaji wa aina hii kuwa kizuizi kwa anayetaka kujiunga. Kwa hiyo askari anayeutaka hana budi kumwona daktari wa jeshi au wa polisi kabla ya kupasuliwa, wala si baada. Aulize kama ataendelea na kazi za medani, na ni nani atakayebeba gharama za miaka ijayo.

Hapa ndipo suala la mipaka linapoingia. Mwenye fedha aweza kupanda basi leo, akapasuliwa mji wa jirani wiki ijayo, na kurejea kambini kabla likizo haijaisha. Mshono ukivuja siku ya kumi, daktari aliyemshona yuko ng'ambo ya mpaka, na mganga wa kituo hajui kilichofanyika tumboni. Kisu ni kazi ya saa chache. Uangalizi ni kazi ya maisha. Uangalizi huo hauna budi kuwa karibu na nyumbani kwa mgonjwa.

Basi mwenye kutafuta tiba hii aulize mambo manne kabla ya kutia saini. Daktari huyu amefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi, na wangapi walipata madhara? Kuna njia gani nyingine, zikiwamo dawa mpya za sindano? Nani atamfuatia baada ya kurudi kwake? Na barua yenye maelezo kamili ya upasuaji atapewa mkononi? Hospitali isiyojibu hayo haistahili kupewa mwili wa mtu.

Makamanda nao wana wajibu. Askari mnene apimwe kwa faragha na atibiwe kama mgonjwa mwingine yeyote. Akiamua kupasuliwa, na aamue akiwa na elimu, familia yake ikijua, na mkuu wake akijua. Akiamua kutopasuliwa, uamuzi huo nao uheshimiwe, na matibabu yake mengine yaendelee. Askari hapelekwi vitani bila kupewa ramani; basi asiende chumba cha upasuaji bila kujua njia ya kurudi.