Usafirishaji wa Mbegu ya Muhogo na Kuenea kwa Michirizi ya Kahawia

Mada kwa semina ya maofisa kilimo wa wilaya, wakaguzi wa mbegu na wazalishaji wa mbegu za muhogo

Waandaaji wa semina hii waliniomba nizungumzie utafiti wa magonjwa ya mazao na njia za kuyadhibiti. Mada ni pana na wengi wenu mmeisoma chuoni, kwa hiyo ya jumla nitayapitia mbiombio. Sehemu kubwa ya muda niliopewa nitaitumia kwenye jambo moja ambalo nimelishughulikia tangu nianze kazi, nalo ni mbegu ya muhogo: tunavyoipata, tunavyoisafirisha, na ugonjwa tunaousafirisha pamoja nayo. Maoni haya ni yangu binafsi na yasichukuliwe kuwa msimamo wa taasisi ninayoitumikia.

1. Ugonjwa wa mmea na udhibiti wake

Mmea huugua pale kimelea, mmea unaoshambulika na mazingira yanayofaa vinapokutana. Vimelea tunavijua: kuvu, bakteria, virusi na minyoo ya mizizi. Njia za kudhibiti nazo tunazijua: mbegu safi, aina zenye ukinzani, usafi wa shamba, mzunguko wa mazao, wadudu rafiki, na viuatilifu inapobidi. Ninachoomba kiandikwe ni kwamba mmea ulioingiwa na virusi hauna dawa ya kuuponya ukiwa shambani. Pamoja na hayo, kila msimu nakutana na mkulima aliyeuziwa dawa ya ukungu akaambiwa inatibu batobato, ugonjwa wa virusi.

2. Batobato na michirizi

Batobato ya muhogo ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1894 na Warburg, wakati nchi hii ikiwa chini ya Wajerumani. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, mtafiti wa kituo cha Amani, milima ya Usambara. Pale Amani ndipo muhogo ulipochanganywa na ndugu zake wa porini, ukiwemo mti wa mpira wa Ceara, ili kupata ukinzani. Namikonga inayolimwa kusini mwa Tanzania na Kaleso ya pwani ya Kenya ni matunda ya kazi ile, na mpaka leo wazalishaji wa aina mpya huirudia Namikonga wanapotafuta mzazi wa kuaminika.

Kwa miongo mingi michirizi ilihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani na nyanda za chini, na tulifundishwa kwamba juu ya mita 1,000 hauna nguvu. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, kwenye miinuko, kisha ukatanda Kanda ya Ziwa. Ulikuta wakulima wa huko hawajapumua, kwa sababu miaka ya 1990 batobato kali, iliyotokana na virusi viwili vilivyochanganyika, ilikuwa imeshafagia mihogo ya Uganda na kuingia Kagera.

Batobato mkulima anaiona: jani limejikunja, limepauka, mmea umedumaa. Michirizi inajificha. Umanjano wake hufuata mishipa ya majani ya chini yaliyokomaa, ambayo wengi huyadhania kuwa yamezeeka tu. Mmea unaweza kusimama mzuri, wa kijani, mpaka siku ya kung'oa. Ukiukata muhogo kwa upana unakuta nyama nyeupe imeingiwa na mabaka ya njano na kahawia, makavu, magumu, kisu kinakwaruza. Pengine ncha zote mbili ni safi na ubovu uko katikati. Mama jikoni hukata na kutupa, hukata na kutupa, na akifika nusu ya beseni anaamua siku hiyo apike kingine.

Utafiti wa Hillocks na wenzake, uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2001, ulionyesha kuwa kwa aina zinazoshambuliwa sana uzito wa mavuno unaweza kupungua hadi asilimia 70. Ongezeni hapo muhogo unaovunwa ukatupwa, na ule unaong'olewa kabla haujakomaa kwa kuwa mwenye shamba anaogopa kuuacha ardhini. Tangu zamani kaya nyingi zimelitumia shamba la muhogo kama ghala: unang'oa unapohitaji. Michirizi imeliharibu ghala hilo.

3. Nzi weupe na lori

Hapa naomba tuende taratibu.

Nzi mweupe, Bemisia tabaci, hueneza magonjwa yote mawili, lakini si kwa namna moja. Virusi vya batobato hukaa mwilini mwake siku kadhaa, hivyo anaweza kusafiri navyo. Virusi vya michirizi havidumu kwake. Baada ya siku moja au mbili hana tena uwezo wa kuambukiza. Kwa hiyo nzi huyu huhamisha michirizi kutoka shina hadi shina, na kutoka shamba hadi shamba la jirani. Hawezi kuutoa ugonjwa Mkuranga akaufikisha Kigoma. Anayeufikisha Kigoma ni binadamu, na chombo chake ni lori la mbegu.

Muhogo haupandwi kwa punje. Hekta moja, kwa nafasi ya mita moja kwa mita moja, inataka pingili 10,000, na shina moja lililokomaa hutoa pingili 10 hivi za maana. Mbegu hiyo ni mzigo mkubwa, hunyauka upesi, na faida yake ni ndogo. Ndiyo maana kampuni za mbegu haziikimbilii. Mkulima huipata shambani kwake, kwa jirani au kwa shemeji kijiji cha pili. Njia hiyo imelisha kaya kwa vizazi na mimi sina ugomvi nayo, kwa sababu mbegu ikitoka kwa jirani angalau unalijua shamba ilikotoka.

Ugomvi wangu uko kwenye ugawaji mkubwa wa dharura. Mvua ikikosekana, uamuzi wa kugawa muhogo hufikiwa haraka, na ni uamuzi sahihi, kwa kuwa zao hili linastahimili ukame. Sitaki ieleweke kwamba napinga kuwasaidia watu wenye njaa. Lakini fedha hutoka mvua zikiwa zimekaribia, zabuni inatangazwa, mzabuni anapatikana, naye hana shamba la mbegu. Anazunguka vijijini kununua mashina popote yalipo. Wakati huo majani ya chini, ambayo ndiyo yangetuonyesha ugonjwa, yameshapukutika kwa kiangazi, na mashina yanayouzwa yamekatwa na kupukutishwa hata yale ya juu. Mkaguzi anaitwa kuangalia mzigo wa fimbo.

Niliwahi kuitwa kwenye mapokezi ya shehena ya namna hiyo. Ofisi iliyoinunua siitaji. Mafurushi yalikuwa yamefungwa kwa kamba za mpira, mashina meupe, mekundu na ya kijivu pamoja, ingawa hati ilitaja aina moja. Nikachukua shina nikalikwangua gome kwa kisu, na chini yake ikatokea michirizi ya kahawia iliyokolea. La pili hivyo hivyo. La tatu lilikuwa safi, la nne likawa na kidonda kilichokauka kwenye kila kovu la jani. Mama mmoja aliyekuja kuchukua mgao wake akauliza, "Bwana shamba, hii mbegu mmeitoa wapi?" Dereva akamtazama utingo. Karani akapekua makaratasi yake. Hapakuwa na mtu aliyejua. Nilishauri mzigo uzuiwe. Nikajibiwa kwamba wananchi wameshakusanyika na mgeni rasmi yuko njiani. Mbegu iligawiwa jioni ile, na msimu uliofuata vitongoji vilivyokuwa na dalili za hapa na pale vilikuwa na michirizi kila shamba. Nilikuwa nimevifanyia kazi vitongoji hivyo kwa miaka, na bado nauona uchungu wake.

Kuna jambo la pili linalolikuza tatizo hili, na wenzangu wa uzalishaji wa aina mpya wanivumilie. Aina ya Kiroba imewaokoa wakulima wa pwani. Dalili kwenye majani yake ni hafifu na muhogo wake huchelewa kuharibika. Lakini virusi vimo ndani. Shamba la Kiroba linaweza kupendeza macho na huku linawalisha nzi weupe virusi vya kupeleka kwa jirani aliyepanda Albert, aina isiyo na kinga yoyote. Mbegu ya Kiroba iliyokusanywa bila kipimo cha maabara, ikapelekwa wilaya nyingine, ni hatari kuliko inavyoonekana.

Mara nyingi naulizwa kwa nini tuliweza kuwashinda vidung'ata wa muhogo tukashindwa hapa. Vidung'ata walidhibitiwa na nyigu mdogo aliyetolewa Paraguay mwaka 1981, kazi iliyoongozwa na Hans Herren wa IITA, na iliyompatia Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nyigu yule akiachiwa alijitafutia njia mwenyewe, akazaliana, akavuka mipaka bila kibali. Pingili safi haina mabawa. Ni lazima izalishwe, ikaguliwe, ibebwe na ilindwe, kila msimu, na kila hatua ina mtu anayesubiri posho, mafuta ya pikipiki au saini.

Kwamba inawezekana, tumeona. Majaribio ya usafi wa mazao kijamii yaliyofanyika Mkuranga na Chato, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2017, yalianza kwa kung'oa mihogo yote ya zamani katika maeneo yaliyochaguliwa na kupanda mbegu iliyopimwa. Michirizi ilipungua kuliko kwenye maeneo ya kulinganishia, na mavuno yakapanda. Kilichofanya kazi pale ni makubaliano ya kijiji kizima. Mkulima mmoja akibakiza mihogo yake migonjwa kwa kuwa bado anachuma kisamvu, nzi wana pa kuanzia.

4. Mapendekezo

Mbegu ya kugawa iagizwe mwaka mmoja kabla. Mzalishaji anahitaji miezi 10 hadi 12 kukuza mashina, kwa hiyo agizo la Septemba kwa ajili ya mvua za Novemba haliwezi kuzaa chochote zaidi ya ununuzi wa kuokoteza. Naelewa kwamba mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni na kwamba kanuni za ununuzi zina sababu zake. Hata hivyo halmashauri zinaingia mikataba ya barabara inayovuka mwaka wa fedha. Mkataba wa mbegu ya muhogo upewe nafasi hiyo hiyo.

Ukaguzi ufanyike majani yakiwa shambani. Mkaguzi aende miezi mitatu baada ya kupanda, arudi miezi sita, na aende tena kabla ya kukata mashina. Hili nimelisema katika vikao vingine na nalirudia: ukaguzi wa mashina yaliyopakiwa kwenye lori si ukaguzi.

Wazalishaji wa mbegu ya daraja la kuazimiwa wawe wa kwanza kupewa zabuni. Hawa wamefundishwa, wamesajiliwa TOSCI, mashamba yao yanajulikana. Wengi walianzishwa na miradi. Mradi ulipofungwa, mnunuzi akapotea, na mashina yaliyokaguliwa kwa gharama yakageuzwa kuni. Nimeyaona yakiungua huku wilaya hiyo hiyo ikinunua mbegu isiyojulikana ilikotoka. Kati ya yote ninayopendekeza, hili ndilo linaloniumiza zaidi, kwa sababu mbegu safi ilikuwapo.

Wakaguzi wa wilaya walioidhinishwa wapewe usafiri. Sina la kuongeza.

Mashamba mama yapimwe maabara kila mwaka, hasa ya Kiroba na aina nyingine zinazoficha dalili. Uwezo wa kupima upo TARI Mikocheni. Kinachokwama ni sampuli kufika kwa wakati, na vitendanishi.

Mkulima afundishwe kuchagua mashina yake mwenyewe. Muhogo ukiwa na miezi mitano au sita, majani bado yapo, apite shambani na kufunga kitambaa kwenye mashina yasiyo na umanjano. Wakati wa kuvuna ayakate yale yaliyofungwa kitambaa, na hata hivyo akate muhogo wa kila shina auangalie ndani kabla hajaliita mbegu. Ukikuta baka moja, shina hilo ni la kuchomwa. Programu ya Nuru ya IITA na Chuo Kikuu cha Penn State, inayotumia simu na Kiswahili na isiyohitaji intaneti, inaweza kumsaidia kutambua jani. Kwa shina lililokwisha kupukutika haimsaidii, na maofisa ugani waliseme hilo wazi.

Vijiji vinavyokubali kung'oa vipewe mbegu mbadala na chakula cha kipindi cha mpito kabla ya kung'oa. Kumwambia mtu aharibu shamba lake leo kwa ahadi ya msimu ujao hakujawahi kufaulu popote nilipofanya kazi.

Usafirishaji wa mbegu ya muhogo kutoka wilaya hadi wilaya uwe na kibali kinachotaja shamba, na vizuizi vya mazao barabarani, ambavyo husimamisha lori la mkaa na la mahindi, vikiulize kibali hicho.

Narudia suala la muda: agizo lisipotoka mwaka mmoja kabla, mapendekezo mengine yote niliyotoa hayatekelezeki.

Mwisho ni fomu ya mapokezi ya halmashauri. Iongezwe sehemu ya kuandika kijiji mbegu ilikotoka, jina la mzalishaji, tarehe za ukaguzi wa shambani na namba ya cheti. Sehemu hiyo ikiwa tupu, ofisa kilimo wa wilaya awe na mamlaka ya kuurudisha mzigo bila kusubiri kikao, na mzabuni asilipwe. Wakurugenzi mliomo humu mnaweza kulipitisha hili kabla ya semina kufungwa, kwa kuwa halina gharama.