Sarafu Isiyo na Pacha: Heller za Tabora na Swali la Aina

Mhadhara wa umma, Machakos



Siku hizi inavuma hoja kwamba sarafu yoyote ya kigeni isiyofanana na picha ya katalogi ni aina adimu. Naipinga, tena kwa sarafu zilezile ambazo watetezi wake huzikimbilia: heller 20 za Afrika Mashariki ya Kijerumani za mwaka 1916, zenye alama ya T ya mji wa Tabora.

Historia mnaijua: Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, pwani imezingirwa, sarafu haziji tena kutoka Ujerumani. Wajerumani wakapiga zao huko bara, kwa shaba nyekundu na shaba ya manjano. Kwa kuwa kazi ilikuwa ya haraka, watetezi husema, kila tofauti ni aina. La hasha! Haraka huzaa herufi hafifu na kingo zilizopinda. Aina huzaliwa kwenye muhuri wa kupigia. Muhuri uliochongwa taji kubwa hutoa taji kubwa kila unapopiga.

Hapa nawasifu Krause na Mishler, ambao katalogi yao ya sarafu za dunia ilianza kutoka mwaka 1972. Hakuna kitabu ninachokipenda zaidi. Kimebeba sarafu za ulimwengu mzima, lakini kwenye heller hii kinatua kutazama ukubwa wa taji na ncha za herufi L: zimechongoka au zimejikunja? Kingo mbovu kinazipita. Huo ndio usomi: kujua cha kutazama na cha kuacha.

Kutofautisha kazi ya muhuri na ajali ya baadaye, kidole na lenzi vinatosha kuanzia. Ufa kwenye muhuri huacha mstari ulioinuka juu ya sarafu. Mkwaruzo wa baadaye huacha mfereji. Pigo la nyundo husukuma madini pembeni, yakavimba kando ya shimo.

Kijana mmoja wa hapa mjini aliniletea senti 10 ya Afrika Mashariki isiyo na tundu lake la kawaida la katikati. Ameambiwa itamjengea nyumba. Chini ya lenzi nikaona duara jembamba katikati: tundu limezibwa, likasuguliwa. Aliyemwuzia alimdhulumu, na hoja hii ya "kila tofauti ni aina" ndiyo iliyomfungulia mlango.

Nitaulizwa: je, kama kipande kilipita mashineni bila kutobolewa? Hilo hutokea. Sarafu hiyo ni halali, ni kosa la kiwanda, na inastahili bei yake. Hata hivyo si aina, maana haina pacha. Linganisha na rupia 15 za dhahabu za Tabora: zina aina mbili, ncha ya nakshi ikiwa chini ya T au chini ya A katika neno OSTAFRIKA: moja vipande 9,803, nyingine 6,395. Huo ni ukoo.

Kwa hiyo anayedai amepata heller yenye taji la ukubwa wa tatu, aniletee mbili.